Mpaka Ngamia Aketi

"Ndugu wananchi, taifa letu limefikia hatua ya kihistoria. Mtukufu amechoka."

Hivyo ndivyo redio ilivyotangaza mchana wa Jumatatu, baada ya ngoma za taarifa ya habari kupigwa mara mbili kwa kuwa mpigaji alidhani mara ya kwanza hazikusikika. Msomaji alikuwa Waziri wa Mapumziko mwenyewe, Mheshimiwa Lwidiko Nzamba, na alisoma kwa sauti ya mtu anayegawa mirathi. Kwa miaka mingi Mtukufu ameibeba nchi mabegani. Sasa mabega yameomba ruhusa. Kwa hiyo Mtukufu atakwenda kupumzika katika nchi moja ya Uarabuni, yenye jangwa upande huu na bahari upande ule, na atapumzika huko kwa niaba ya wananchi wote.

Katika bwalo la Shule ya Wasichana ya Mlimacheo, ambako redio ilifungwa kwa waya juu ya dirisha la jikoni ili isiibwe, mpishi alisimama na upawa mkononi.

"Kwa niaba yetu?" aliuliza. "Mbona mgongo wangu bado unauma?"

Lakini tangazo lilikuwa na mkia. Nchi ile, ambayo haina jina na msomaji asijisumbue kuitafuta jirani na kwao, ina desturi yake: jambo kubwa haliendi bila kamati, na kamati haiendi bila mchango. Watu wa huko huchangia harusi, huchangia msiba, huchangia gari la mchungaji likiharibika. Safari hii kilichotakiwa hakikuwa fedha. Kila mwananchi alitakiwa kutoa siku zake za likizo, zikusanywe, Mtukufu akabidhiwe hadharani, aondoke nazo. Walimu walichangia. Wauguzi walichangia. Akina mama waliojifungua waliombwa wapunguze kidogo, kwa hiari, kabla ya Ijumaa. Na shule za bweni, ambazo zilikuwa zifungwe wiki ileile, zilitoa likizo yote kwa mkupuo na kushukuriwa hewani moja moja kwa majina.

Mlimacheo ilitajwa ya tatu. Mwalimu mkuu alipiga makofi. Wasichana mia nne walitazama maharage yao.

Siwema wa kidato cha tatu hakutazama hata maharage. Kwa kawaida tangazo kama lile lingemfurahisha wiki nzima, maana alikuwa mtu wa mizaha. Yeye ndiye aliyewaaminisha kidato cha kwanza kwamba kengele ya shule ina siku yake ya kuzaliwa, wakaamka mapema wakaiimbia. Lakini mchana ule hakuwa na mzaha. Jumamosi mama yake alikuwa anarudi. Mama huyo aliondoka miaka minne iliyopita kwenda kufanya kazi za ndani katika nchi hiyohiyo ya jangwa na bahari, na sasa mwajiri wake alikuwa amempa wiki mbili aje amwone mwanawe, kisha arudi. Wiki mbili, na mwanawe yuko nyuma ya ukuta uliopandwa vipande vya chupa, siku zake amepewa mtu mwingine akaote nazo jua.

"Omba ruhusa," alinong'ona Ndekwa, rafiki yake wa kitanda cha juu.

"Ruhusa ni siku. Siku zimechangwa."

"Basi ugua."

"Wagonjwa nao wamechanga. Hukusikia?"

Ndekwa alifikiri. "Kufa je?"

"Hiyo ni likizo ndefu mno," alisema Siwema. "Hawawezi kuiacha ipite."

*

Kamati ya Kitaifa ya Maandalizi ya Likizo ilikuwa na wajumbe wengi na tatizo moja: hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika nchi ile. Na Kamati iliogopa aibu. Mwaka juzi, katika ziara ya nchi ya baridi, Mtukufu alimpita mfalme mlangoni akaenda kumkumbatia bawabu, kwa sababu bawabu ndiye aliyekuwa na vifungo vingi vya dhahabu. Mfalme alicheka, lakini kwa muda mfupi. Tangu hapo lilikatwa shauri kwamba Mtukufu hatatoka tena bila mtu anayejua mila za huko aendako. Waraka ukasomwa shuleni, ofisini na sokoni: anayeijua nchi ile ajitokeze, atapelekwa makao makuu kwa gari la serikali.

Makao makuu ndiko kulikokuwa na uwanja wa ndege. Siwema alinyoosha mkono kabla mwalimu mkuu hajafika kwenye nukta.

Waziri alikuja mwenyewe, na magari saba, ingawa alitosha kwenye moja. Aliketi katika kiti cha mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akasimama pembeni kwa furaha.

"Binti, wewe unaijuaje nchi ile?"

"Mama yangu yuko huko, Mheshimiwa. Anaishi katika nyumba ya watu wakubwa."

Hilo lilikuwa kweli. Siwema alijua kwamba uongo, kama nyumba ya udongo, husimama zaidi ukiwekewa msingi wa mawe.

"Vizuri sana. Mgeni wa heshima akifika kule, jambo la kwanza anafanya nini?"

Siwema hakujua. Akatazama dirishani, ambako wanafunzi wengi wamewahi kupata majibu. Kando ya bustani ya mboga, ng'ombe wa mwalimu mkuu alikuwa amejilaza akicheua, macho nusu, kama mjumbe wa bodi.

"Haketi, Mheshimiwa."

"Haketi?"

"Haketi mpaka ngamia wa mwenyeji aketi kwanza. Kule ngamia ndiye mkubwa wa nyumba. Mgeni akimtangulia kuketi, amemtukana mwenyeji na ukoo wake mpaka waliokufa."

Ndekwa, aliyeletwa kumimina chai, alipaliwa, na hakuwa amekunywa kitu.

"Na ngamia asipoketi?" aliuliza Waziri.

"Ataketi, Mheshimiwa. Ngamia wa kule wamelelewa."

Waziri aliwageukia wasaidizi wake polepole. "Mnasikia? Nyinyi na shahada zenu, nani aliniambia habari ya ngamia?" Wasaidizi waliinamisha vichwa kwa masikitiko ya kuwa na shahada. Kabla chai haijapoa, Siwema alikuwa ndani ya gari la nne, akiwapungia wenzake kama bibi harusi.

*

Alipewa cheo cha Mshauri Mkuu wa Taifa katika Mila za Jangwa na Pwani Zake. Alipewa koti lenye mabega ya mtu mwingine. Alipewa chumba katika nyumba ya wageni ya Ikulu, kitanda kipana, sabuni ya kunukia, na dirisha lililotazama uwanja wa ndege. Ni baada ya kuoga ndipo alipogundua kwamba kitasa cha mlango wake kilikuwa upande wa nje tu.

"Mheshimiwa, naomba Jumamosi nifike uwanja wa ndege mara moja," alimwambia Waziri. "Namfuata mama. Nitarudi kabla ya chakula."

"Mshauri Mkuu," Waziri alisema kwa upole wa baba, "kichwani mwako sasa kuna siri ya nchi. Ukikanyaga nje, adui atakuteka. Atajua jinsi Mtukufu atakavyoketi."

"Adui gani?"

"Hiyo nayo ni siri."

"Sasa nitatoka lini?"

"Likizo ikiisha."

"Na itaanza lini?"

"Mazoezi yakikamilika," alisema Waziri, na akafunga mlango kwa adabu, kwa kutumia kile kitasa.

Jumamosi ndege ilishuka. Siwema aliiona dirishani, tumbo lake jeupe likipita juu ya paa la jikoni la Ikulu. Akaipungia mkono. Mlinzi aliyekuwa bustanini akamwuliza anampungia nani, naye akasema anafukuza nzi, na mlinzi, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake, akapanda ghorofani kumtafuta nzi.

*

Mazoezi yalifanyika katika bustani ya Ikulu. Nchi ile haina jangwa wala bahari. Ina migomba, ukungu na mvua ya asubuhi. Kwa hiyo jangwa lililetwa kwa malori kutoka mtoni, likatandazwa, na siku ya tatu likaota mchicha. Bahari iliwakilishwa na gari la zimamoto lililotiwa chumvi. Ratiba ya likizo ilibandikwa kwenye ubao: asubuhi jangwa, mchana bahari, jioni Mtukufu atatangaza mshindi kati ya hivyo viwili. Waziri wa Kilimo alifundishwa kupaka mafuta ya jua. Waziri wa Ulinzi alifundishwa kuvaa kaptula. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipoletwa ngamia.

Alitoka nchi jirani ya kaskazini, kwa lori. Alikuwa na kibali cha kuingia, cheti cha chanjo na picha ndogo nne. Mchungaji wake hakuwa na picha, akarudishwa mpakani. Ngamia akashuka peke yake, akatazama serikali yote kutoka juu, akasimama.

Sasa, katika nchi ile hakuna anayeketi kabla ya Mtukufu. Hiyo ni mila ya siku zote na haikutungwa na Siwema. Mtukufu naye, kwa mila mpya, hakuruhusiwa kuketi kabla ya ngamia. Na ngamia hakuwa na taarifa yoyote. Kwa hiyo Mtukufu alisimama mbele ya kiti chake cha dhahabu, ambacho kilitengenezwa kipana kwa heshima ya umbo lake. Mawaziri walisimama nyuma yake. Na msafara wote wa watu mia mbili, pamoja na kinyozi, kwaya na mtu wa mwavuli, ukasimama nyuma ya mawaziri.

Walisimama mpaka jua likazama. Kesho yake wakasimama tena.

Mkalimani wa Ikulu alimwomba ngamia aketi kwa Kiarabu fasaha. Ngamia, aliyezaliwa kaskazini na hajawahi kufika Uarabuni maishani mwake, alitafuna. Waziri wa Habari alimwahidi shamba. Jaji Mkuu alimsomea amri. Mkuu wa Majeshi alimtaka kwa sauti kubwa ajieleze. Mara moja tu, Jumanne alasiri, ngamia alionekana kufikiri. Akakunja goti la kwanza, akakunja la pili, serikali nzima ikazuia pumzi, na bendi ya jeshi, kwa furaha, ikapiga wimbo wa taifa. Ngamia alishtuka akasimama wima. Hakuna aliyeweza kumlaumu, kwa kuwa wimbo wa taifa ukipigwa ndivyo inavyotakiwa.

Watu waliendesha nchi wakiwa wima. Mwanasheria Mkuu alipata nafuu kidogo pale alipotoa tafsiri kwamba kulala si kuketi, na kuanzia hapo Baraza la Mawaziri lilifanya vikao vyake likiwa limejilaza chali kwenye zulia, likipitisha mambo kwa kuinua miguu. Jambo mojawapo lililopita kwa miguu yote ni Sheria ya Kuketi kwa Adabu. Haikufaa, walisema, Mtukufu afanye mazoezi peke yake huku wananchi wake wakiketi ovyo. Kila wilaya imteue ngamia wake. Wilaya isiyo na ngamia itumie ng'ombe. Isiyo na ng'ombe itumie Mkuu wa Wilaya. Na katika wilaya hizo za mwisho ndiko watu walikoteseka zaidi, kwa sababu Mkuu wa Wilaya hakuthubutu kuketi kabla ya Mtukufu.

Siwema aliyasikia haya. Alikuwa amezoea mzaha unaokwisha kengele ikilia. Huu haukuwa na kengele.

"Mheshimiwa," alimwambia Waziri asubuhi moja, "nimekumbuka. Kule, ngamia akicheua mara tatu, huhesabiwa ameketi."

Waziri alimkazia macho. "Mshauri Mkuu, mila haichezewi. Leo acheue, kesho apige chafya, keshokutwa tutabaki na nini?"

Mtukufu mwenyewe hakusema kitu hadharani. Ila siku hiyohiyo, Siwema alipopita karibu naye kurekebisha ncha ya zulia, alimsikia akinong'ona bila kugeuza shingo.

"Mwanangu."

"Naam, Mtukufu."

"Nusu goti halihesabiki?"

Siwema alitazama viatu vya Mtukufu. Vilikuwa vimefunguliwa kamba, na miguu imefura kama mikate. Alitaka kusema kweli palepale. Lakini akamwona Waziri anamtazama, akakumbuka kitasa, akasema, "Sidhani, Mtukufu," na Mtukufu akashusha pumzi ya mtu aliyewahi kutamani tu kupumzika.

*

Jumatano kulitokea mama mmoja kwenye lango la Ikulu, ana mfuko mkubwa wa nailoni wenye zipu mbovu. Alisema amefika shuleni akaambiwa mwanawe yuko huku. Walinzi walikuwa wanamfukuza, kama kazi yao inavyowataka, mpaka mmoja akamwuliza anatoka wapi. Aliposema nchi anayotoka, walimbeba karibu juu juu mpaka bustanini, mfuko na yeye, wakamweka mbele ya serikali iliyosimama.

Siwema alimtambua kabla hajaambiwa ni nani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuwa mrefu."

"Wewe umekonda."

"Ni nguo hizi," alisema mama yake. Kisha akashusha sauti. "Pale uwanjani waliniambia nichangie nusu ya likizo yangu. Nimebaki na wiki moja, na sehemu yake nimeimaliza kukutafuta. Unafanya nini kwa watu hawa, Siwema?"

Lakini hapo Waziri alikwisha fika, mikono miwili imenyooshwa.

"Mama, wewe ni hazina ya taifa. Mwanao ametujaza maarifa. Tunaomba uthibitisho mdogo tu, kisha utakunywa soda. Kule, ngamia wa mwenyeji huketi baada ya muda gani?"

Mama alimtazama ngamia. Akamtazama mwanawe. Siwema alikuwa anachunguza viatu vyake, na hapana mama asiyejua maana ya mtoto kuchunguza viatu.

Angeweza kumfichia. Alifungua mdomo kama anayetaka kujaribu. Lakini alikuwa amechoka, na uongo unahitaji mtu aliyelala vizuri.

"Mheshimiwa, mimi ngamia ndiyo kwanza namwona huyu."

"Miaka minne?"

"Miaka minne."

"Jangwa je?"

"Liko kwenye kalenda jikoni. Mwezi wa tatu."

"Na bahari?"

"Ipo nyuma ya nyumba. Nilikuwa naisikia harufu nikianika nguo. Ila ukuta mrefu."

"Sasa mama, muda wote huo wewe ulikuwa wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani tu, baba. Pasipoti anayo mwenye nyumba. Nikimaliza chini naanza juu. Nikimaliza juu, chini kumechafuka."

Waziri alicheka kidogo, kwa namna ya mtu anayewasubiri wengine waanze. "Nchi nzuri namna ile," aliwaambia mawaziri wenzake, "mtu anakaa ndani. Hilo ndilo tatizo la kwenda bila kamati."

Mama Siwema hakucheka. Aliweka mfuko chini, akatafuta kwa macho mahali pa karibu, na cha karibu kilikuwa kile kiti cha dhahabu.

"Samahanini, wanangu," alisema. "Miguu."

Akaketi.

Watu mia mbili walivuta hewa kwa pamoja, mpaka mwavuli ukatikisika. Mtu wa kwaya alianza wimbo kwa hofu akaukatisha. Ngamia aligeuza shingo kutazama kilichotokea.

"Mwondoeni," alisema Waziri, na sauti yake haikuwa tena ya kugawa mirathi. "Ametukana nchi rafiki mbele ya ngamia. Afungiwe mpaka likizo iishe."

Walinzi wawili wakamsogelea. Siwema alijua likizo ile. Alijua haina mwisho kwa sababu haina mwanzo, na mama yake alikuwa amebakiwa na siku chache, na zikiisha alitakiwa arudi tena kule ndani kwingine.

"Mwacheni," alisema. "Hiyo mila haipo. Niliitunga."

"Mshauri Mkuu amechoka," Waziri alisema haraka. "Furaha ya kumwona mzazi."

"Sijachoka, Mheshimiwa. Uliniuliza mgeni anafanya nini, sikujua, nikasema lililonijia. Hakuna ngamia mkubwa wa nyumba. Nilitaka kupanda lile gari nije nimpokee mama. Basi."

Mtukufu aligeuka, na hilo peke yake lilimchukua muda, kwa ajili ya miguu.

"Uliitunga wewe," alisema.

"Ndiyo, Mtukufu."

"Na Sheria ya Kuketi?"

"Hiyo si yangu."

"Na hili la mawaziri kulala chali?"

"Hiyo ni ya Mwanasheria Mkuu, Mtukufu. Mimi nilisema mgeni mmoja na ngamia mmoja. Hayo mengine niliyakuta yameshapitishwa."

Mwanasheria Mkuu alitazama mawingu. Mtukufu alikitazama kiti chake, na aliyekikalia, na ikaonekana wazi kwamba alitaka sana kuketi, popote, hata kwenye mchicha. Lakini mtu wa cheo chake haketi tu. Kuketi sasa kungekuwa kukiri kwamba serikali ilisimama bure, na jambo kama hilo lilihitaji kamati. Kwa hiyo aliendelea kusimama akifikiri, mawaziri wakaendelea kusimama wakimsubiri afikiri, na walinzi, kwa kukosa amri mpya, wakabaki na mikono yao hewani karibu na mabega ya mama.

"Siwema," mama yake aliita.

"Abee, mama."

"Njoo hapa."

Alisogea upande mmoja wa kiti. Nafasi ilikuwa kubwa. Siwema alipita katikati ya walinzi, akavua lile koti la mabega ya mtu mwingine, akaketi. Walikuwa wananchi wawili tu waliokuwa wameketi mbele ya serikali nzima. Mama alinusa kichwa cha mwanawe kama anayehakikisha ni yeye.

"Ngamia huyo ulimtoa wapi?" aliuliza. "Mimi sijakutajia ngamia hata siku moja."

"Ndiyo, mama. Hukunitajia kitu," alisema Siwema. "Kila nikikupigia kukuuliza kulikoje unasema kuzuri, halafu unaniuliza kama nimekula. Miaka minne. Mahali pote ulipokuwa pakawa hapana kitu kwenye kichwa changu. Nikaona huwezi kukaa mahali patupu namna ile, mama. Nikakuwekea ngamia."